Watu Sitini Mezani

Watu sitini walikufa mezani kwangu hapa Ngokolo, kati ya sahani ya michembe ya viazi vitamu na kikombe cha chai. Namshukuru Mungu walikuwa wa kwenye kompyuta.

Binti yangu Violeth alikuwa ametengeneza programu ya tahadhari kwa wachimbaji wa dhahabu wa Runzewe. Duara moja, yaani shimo la kuchimbia, likiingia maji, simu za maduara yote jirani zinapata neno: TOKENI. Maji yakivutwa: RUDINI. Kazi ilikuwa ianze kesho yake, na kaka yake Jilala yumo shimoni kule.

Ili kuijaribu, aliunda mtandao wa kuigiza ndani ya kompyuta, wenye simu mia mbili za kubuni. Akabonyeza. Zote zikawa za kijani.

"Umeona, mayu? Hakuna iliyokosa."

Mimi mama yake nimeishia darasa la saba, lakini nimewapikia wachimbaji miaka tisa.

"Hizo simu zako huwa hazizimwi?"

"Zizimwe kwa nini?"

"Kutunza chaji. Kule wanazima asubuhi, saa saba wakija kula wanawasha zote kwa pamoja, mnara unazidiwa. Meseji ya jana inaingia baada ya ya leo. Baba yako alipolazwa, niliambiwa kwanza amepona, ndipo nikaambiwa anaumwa."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Alizizima simu zake, akaziwasha kwa mkupuo, akauchelewesha mtandao uwe kama wa kule machimboni. TOKENI ikaingia. Nyuma yake, ikijikongoja, RUDINI ya jana. Simu sitini zikawarudisha watu wake shimoni, kwenye maji.

Chai ilipoa.

"Jilala angekuwa wa ngapi?" nikauliza.

Alishika simu, akaahirisha kesho.

Ilichukua wiki tatu. Sasa kila neno lina namba yake, la zamani haliwezi kulifuta jipya, na kila duara lina simu moja isiyozimwa. Ninyi wenye watoto wanaotengeneza vitu hivi, kaeni nao mezani. Waulizeni maswali ya kijinga. Msiridhike na kijani.

Mvua za Machi, duara lililo jirani na la Jilala liliingia maji. Jilala akanipigia.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Juu. Wote tuko juu. Nina matope mpaka masikioni, na njaa."

Kutoka Runzewe hadi kwangu ni safari ya basi ya saa kadhaa. Nikabandika sufuria ya wali hivyo hivyo.