Udongo wa Kwanza

Shafi alipiga simu kumgombeza Filister hata kabla mvua haijaanza.

"Mama Makasi, leo ni fainali," alisema. "Ukumbi umejaa mpaka mlangoni. Ukinikatia tena nakuja hapo Gatina na hawa vijana wote, wewe ndio utawachezea mpira."

"Njoo nao. Ngazi ziko, mpande mpaka mchoke. Onyo likija nakata."

"Hata ikiwa penalti?"

"Hata ikiwa penalti, Shafi. Hayo maji yakikuingilia ukumbini, utapiga filimbi?"

Akakata simu. Ruweida, mwenzake wa zamu, alicheka akijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Shafi, mwenye ukumbi wa kutazamia mpira, alikuwa binamu yake, na ndiye aliyelitunga hilo jina la Mama Makasi. Lilienea Kibera nzima msimu wa mvua uliopita, Filister alipokata mechi kupitisha onyo la mafuriko, mpira ukielekea wavuni. King'ora kililia kwenye kila simu, watu wakabeba magodoro na watoto, wakapanda juu, na maji yakafika ukingoni yakaishia hapo. Watu walimlaani wiki nzima. Filister hakumwomba mtu radhi. Aliwaambia kwamba afadhali wamlaani wakiwa hai.

Kampuni ya Pamoja Hewani ilikuwa na vyumba viwili huko Gatina, ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Kazi yake ilikuwa kurusha vipindi vya moja kwa moja kwenye simu za watu wa Kibera na Kawangware. Badala ya kila simu kuvuta picha yake peke yake na kumaliza bando la intaneti, mnara ulirusha picha moja, na simu zote zilizoshika mnara huo zikaipokea. Watu waliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi. Ubaya wake ni kwamba njia ilikuwa moja. Wapima maji walioko juu mtoni wakituma onyo la mafuriko, lilipita njia hiyohiyo: kipindi kilikatika, king'ora kikalia, maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo cha simu. Aliyekalia kiti cha Filister ndiye aliyeamua mnara upi urushe nini, na kwa wakati gani. Sheria ya kiti ilikuwa fupi. Onyo likiingia, achilia kwanza, maswali baadaye. Filister aliiandika mwenyewe kwa kalamu nene na kuibandika juu ya skrini.

Jumamosi hiyo minara yote ilirusha fainali, isipokuwa mmoja. Mnara wa Soweto West, kando ya mto, ulirusha mazishi.

Hilo halikuwa jambo geni. Watu wengi wa pale walitoka upande wa ziwa, na si kila mtu angeweza kusafiri kila msiba ulipotokea. Kwa hiyo familia ilikodisha mnara, mtu mmoja akashika kamera huko nyumbani, na waliobaki Nairobi wakaketi pamoja wakamzika mtu wao kwenye simu. Walivaa nguo za msiba. Walilia pale wenzao walipolia. Kukatiwa mazishi katikati kulikuwa aibu ambayo watu waliisimulia kwa miaka.

Siku hiyo aliyezikwa alikuwa Oloo, mdogo wake Filister.

Alianguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akijenga, na aliharibika vibaya kiasi kwamba jeneza lilifungwa tangu mochari. Mama yao hakumwona. Mama alikuwa amevunjika nyonga, hawezi kukaa garini safari nzima mpaka kijijini kwao Ugenya, wala kupanda ngazi za kwa Filister. Ndiyo maana alikaa Soweto West kwa binti yake mwingine, Adhis, chumba cha chini, mlango ukitazama mto. Na kwa kuwa hakumwona, alikataa kuamini. Alisema huenda wamechanganya miili. Alisema Oloo ana tabia ya kupotea halafu anarudi na mkate.

Asubuhi alimpigia Filister. "Mimi nataka kuona udongo," alisema. "Nikiona udongo wa kwanza unaingia, na ndugu zake ndio wanautupa, basi nitajua ni yeye. Usinikatie, Filister. Nakujua wewe."

"Sitakukatia, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hakwenda Ugenya. Mashemeji walinung'unika, lakini alijua kazi yake. Asipokuwa kwenye kiti kile, nani angemwonyesha mama?

Mvua ilianza alasiri, ikapiga mabati ya Gatina hadi ikawa shida kusikilizana. Kwenye skrini ya pembeni, Ugenya kulikuwa na jua. Chris, binamu yao, ndiye aliyeshika kamera. Jeneza lilikuwa juu ya kamba, wanaume sita wamelishika, na pasta mbele yao amefungua Biblia.

"Fili," Ruweida akasema. "Limeingia."

Onyo lilikuwa limeingia. Maji yanapanda upesi, watu wote wa kandokando waondoke sasa.

Filister aliachilia mnara wa Kisumu Ndogo, akaachilia wa Lindi, akaachilia mingine yote iliyoorodheshwa, mmoja baada ya mwingine, kidole chake hakikusita. Fainali ikakatika Kibera nzima. Bila shaka Shafi alikuwa ameshaanza kutukana. Kidole kilipofika Soweto West, kikasimama.

"Umeacha mmoja," Ruweida alisema.

"Najua. Ngoja kidogo."

"Fili, kuna watu pale."

"Najua kuna watu! Mama yangu yuko pale. Wanamshusha, Ruweida. Wanamshusha sasa hivi. Wacha nione udongo, naachilia."

Alikumbuka msimu uliopita. Kutoka onyo hadi maji kufika, watu waliweza kuhamisha hata makabati. Muda ulikuwepo. Angewapa familia yake pumzi mbili tatu, halafu king'ora kingelia, Adhis angembeba mama, na mama angetoka pale akijua mtoto wake amelala wapi.

Jeneza lilishuka. Kamba zikavutwa. Kaka yao mkubwa akainama kuchota udongo, na pasta akainua mkono kumzuia. Alikuwa amekumbuka jambo. Akafungua Biblia mahali pengine, akaanza kuwaeleza vijana habari za pombe.

"Tupa tu," Filister aliiambia skrini. "Tupa, Mungu wangu, tupa."

Ruweida alinyoosha mkono kwenye kitufe. Filister akamshika kiganja. Hakumminya. Alimshika tu, kama mtu anayemzuia mwenzake asivuke barabara, na Ruweida akamtazama usoni, kisha akaurudisha mkono mapajani.

Pasta alimaliza. Udongo wa kwanza ukaanguka juu ya ubao, ukatawanyika, na vumbi likapanda kwenye jua la Ugenya. Filister akabonyeza.

Alimpigia Adhis papo hapo. Simu iliita, ikaita, haikupokelewa. Alipopiga tena haikuita.

*

Walionusurika walipelekwa kwenye kanisa la mabati juu ya Kisumu Ndogo, mahali maji yasipofika. Filister aliingia giza likianza, viatu vimejaa matope. Adhis alikuwa kwenye benchi la nyuma na watoto wake wawili, amevalishwa sweta ya mwanamume. Mama hakuwepo. Filister alitazama benchi lote, halafu akatazama chini ya benchi, kama mjinga.

"Usimtafute," Adhis alisema. "Wamempata kwenye daraja. Wamempeleka mochari."

Filister alikaa.

"Maji yaliingia kwa mlango na kwa ukuta pamoja," Adhis alisema. Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kitu. "Watu wa huku juu ndio walituokoa. Simu zao zililia, wakaangalia chini, wakaona sisi tumeketi tu. Wakateremka wanapiga kelele. Nilitoa watoto. Niliporudi kwa mama, mlango haukufunguka."

"Adhis."

"Aliona, lakini. Hilo nikwambie. Aliona udongo. Haikukatika hata kidogo. Alisema, 'Kweli ni yeye,' halafu akasema, 'Filister amenifanyia vizuri.' Nikamwambia, si unaona, Mama Makasi leo ameweka makasi chini." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Ila simu zetu hazikulia. Zimelia maji yakiwa magotini. Mtambo uliharibika?"

Jibu lilikuwa pale pale. Ndiyo. Neno moja, na Ruweida hangesema kitu.

"Haukuharibika," Filister alisema. "Nilishikilia. Nilitoa onyo kwa wengine wote, huu wenu nikaushikilia mpaka mama aone udongo."

Adhis alitazama chini. Mtoto mdogo alikuwa amelala mapajani pake. Alimhamisha, akamweka upande wa pili, mbali na Filister.

"Pasta alirefusha," Filister akasema.

"Pasta."

"Nilidhani kuna muda."

"Usiniambie ulidhani." Adhis aliinamisha kichwa, akazungumza kwa sauti ya chini, upesi. "Sikiliza. Umeniambia mimi, imetosha. Hapa kuna watu wamepoteza watu. Utasema mtambo uliharibika. Mambo ya mtambo hayajui mtu. Mama ameshakufa, Oloo ameshakufa, na wewe ukiingia jela watoto wako nitawaweka wapi? Hata nyumba sina. Nimesema nini?"

"Nimesikia."

"Mtambo."

"Nimesikia, Adhis."

Mwanamume mmoja alisimama mbele yao. Alikuwa Wekulo, jirani wa Adhis, mlinzi wa usiku huko Kilimani. Alikuwa amevaa suruali ya kazi na fulana, miguu mitupu. Filister alikuwa amewahi kula ugali nyumbani kwake.

"Pole, dada zangu," Wekulo alisema. "Poleni kwa mama."

"Pole na wewe, shemeji," Adhis alisema. "Bado?"

"Bado. Mke wangu na mtoto, wote hawajapatikana." Akamgeukia Filister, akamnyooshea simu kwa mikono miwili. Simu ndogo, kioo kimepasuka pembeni, imefungwa kwa mfuko wa plastiki. "Madam, wewe ni mtu wa mambo haya. Naomba uniangalizie hii."

Filister hakuipokea.

"Unajua mimi hulala mchana," Wekulo alisema. "Tangu mvua za mwaka ule mwingine, nikilala naiweka hapa," akagusa sikio, "sauti yote nimepandisha. Mke wangu hunicheka, ananiuliza kama nimeoa simu. Namwambia, lala tu, Mama Makasi akikata nitasikia. Mimi si mtu wa kulala sana. Kazi yangu ni kukesha." Akamsogezea Filister simu zaidi. "Leo nimeamshwa na maji. Wao walikuwa upande wa mlango. Watu wa huku wanasema zao zililia mapema. Sasa nataka kujua tu. Iliharibika, ama ililia nikalala? Niangalizie. Kama ililia nikalala, niambie tu, nijue."

Adhis aliushika mkono wa Filister, akaufinya kwa nguvu hadi kucha zikaingia. Ulikuwa mkono uleule aliomzuilia Ruweida.

Filister alijinasua. Akaichukua simu, akaitoa kwenye plastiki, akapangusa kioo kwa sketi. Sauti ilikuwa imepandishwa hadi mwisho. Onyo lilikuwepo, na saa ambayo lilifika ilionekana, na simu bado ilikuwa imeshika mnara wa Soweto West. Kama angetaka, angeweza kumrudishia na kumwambia ni betri.

Kanisani mtu mmoja alikuwa akigawa chai. Wachache waliokuwa karibu walikuwa wamegeuka, wakisubiri jibu la swali la Wekulo kana kwamba ni lao, na kwa wengi wao lilikuwa lao kweli.

Alisimama, ili asiwe anamwangalia kutoka chini.

"Simu yako ni nzima, Wekulo," alisema. "Na hukulala. Haikulia mapema kwa sababu mimi sikuliachilia onyo."

Wekulo alitabasamu kidogo, kama mtu ambaye hajasikia vizuri kwa sababu ya mvua.

"Kaa hapa," Filister alimwambia, akisogea ili nafasi ipatikane kwenye benchi. "Kaa, nikueleze yote. Na ninyi pia, sogeeni."