Aliyekimbia Joto

Mshonaji alizaliwa mlimani, kwenye ukungu unaokawia kuondoka hata jua likishachomoza. Alipoolewa na fundi umeme wa bondeni, hakuna aliyemwonya kwamba huko hata maji ya mtungi huwa vuguvugu.

Mwaka wa kwanza hakutulia. Kitanda alikitoa ukutani akakipeleka dirishani, cherehani akaitoa barazani akairudisha ndani, huku kitambaa kikimganda mapajani. Mawifi zake wakambandika jina Barafu.

"Mke wangu, kaa basi," mumewe alimwambia. "Ukihangaika ndiyo joto linakuzidi."

"Wewe umeshaiva. Mimi bado nachemka."

Mume alicheka, akamfungia feni ya pili. Haikusaidia; ilivuruga tu hewa ileile ya moto. Mwishowe Barafu akafunga mzigo, akasema anakwenda kumwona mama yake. Mume hakumuuliza atarudi lini. Alimbebea begi hadi stendi.

Basi lilipoanza kupanda mlima, Barafu alifungua dirisha akavuta hewa kama mtu aliyetoka kuzama. Lakini kulipokucha, meno yalikuwa yanagongana. Alivaa sweta la mama juu ya lake, akajibanza jikoni karibu na moto.

"Utaunguza nguo," mama alisema.

Mdogo wake alikatiza uani pekupeku, mikono wazi. "Dada, umeshakuwa mtu wa bondeni."

"Nani, mimi?"

Likamuudhi neno hilo. Akavua masweta yote mawili, akaenda kukaa nje kwenye ukungu makusudi, awaonyeshe. Mafua yakamlaza chali. Mama akawa anamkanda kwa maji ya moto, akiguna.

"Kule unaungua, huku unaganda. Mwanangu, tukuweke wapi?"

Barafu aligeukia ukutani, machozi yakamtoka.

Alipopata nafuu, mumewe akapiga simu. "Siku hizi nalala sakafuni," alisema. "Kumbe hapa pana joto kweli."

"Umelijua leo?"

"Ulipokuwepo nilikuwa nashughulika na lako. La kwangu sikulisikia."

Barafu akacheka hadi kikohozi kikambana. Wiki ileile akateremka.

Tangu hapo wamepatana: jua likizidi ukali yeye hupanda kwa mama, baridi ikianza kuuma hushuka kwa mume. Mlimani hushona makoti, bondeni magauni mepesi, na wateja wa kote kuwili humlaumu kwamba hapatikani. Mumewe naye ameanza kupanda kumfuata, amevikwa soksi mbili mbili, akilalamika kila kona ya barabara.

Watu humuuliza Barafu ni wapi hasa anapopapenda. Hujibu haraka, kila mara jibu tofauti. Na popote alipo, hajamaliza hata kufungua mizigo vizuri, utamkuta mlangoni na uzi mdomoni, anatazama barabara.