Mwezi wa Kukatazwa Kitabu

Mama mkwe alinipokonya kitabu cha Kiingereza, akakitupia juu ya kabati ambako mimi na ufupi wangu hatufiki.

"Aliyetoka kujifungua hasomi," alisema. "Macho yataharibika, halafu uzeeni uje unilaumu mimi."

"Lakini Mama, mtihani ni Jumamosi."

"Jumamosi mwezi wako wa kukaa ndani utakuwa haujaisha. Kula kuku huyo, mafuta ya ufuta yakipoa hayaliki."

Mengine yote nilikuwa nimeyakubali. Nywele sijaziosha tangu nijifungue, kofia ya sufu kichwani, soksi miguuni, madirisha yamefungwa, na nje joto la mji wetu wa Tainan linayeyusha lami. Lakini kitabu, hapana. Niliacha shule nikiwa msichana, nikaenda kushona viatu kiwandani. Darasa la jioni nimelipata nikiwa nimeshaolewa, na asiyefanya mtihani wa mdomo anarudia mwaka mzima. Sasa nina mtoto. Mwaka mwingine nitautoa wapi?

Kesho yake akaja Dada A-Luan, muuza maziwa ya soya, mwenzangu wa darasani. Alileta miguu ya nguruwe iliyopikwa na karanga, nipate maziwa ya kunyonyesha. Nilipomweleza, akacheka.

"Kakukataza kusoma. Kusikia je, kakukataza?"

Akakaa kitandani, akaanza. "Mwalimu sasa yuko kwenye maneno yenye kazi nyingi. Shika hili, *back*." Akanipiga kofi mgongoni. "Hapa ni nomino, mgongo wako. Liweke mbele ya mlango, ni kivumishi, mlango wa nyuma. Mwambie mtu arudi, limekuwa kielezi. Ukiniunga mkono mbele ya mwalimu, hapo ni kitenzi."

"Neno hilohilo? Halibadilishi hata nguo?"

"Wala! Wewe tazama limekaa na nani, utajua limetumwa nini."

"Mnazungumza nini huko?" mama mkwe aliita kutoka jikoni.

"Habari za mgongo, Mama!" A-Luan akajibu.

"Unamuuma?"

"Vibaya sana!"

"Mkande kwa tangawizi!"

Tuliuma mto tusicheke. Siku zote zilizobaki nikawa nanyonyesha huku nikinong'ona. Mwanangu alinikodolea macho kana kwamba naye atatahiniwa.

Jumamosi mama mkwe alisimama mlangoni.

"Upepo ukikuingia kichwani, utaumwa maisha yako yote."

"Basi nitaumwa nikiwa nimefaulu."

"Na majirani? Watasema nakufukuza kabla mwezi haujaisha!"

"Waambie Pei-jung ana kichwa kigumu. Watakuamini, wananijua."

"Na mtoto?"

"Ameshiba. Maziwa nimekamua, yako kwenye friji. Baba yake yupo."

"Wen-pin? Huyo hata kumbeba hajui!"

"Leo atajua."

Hakusogea. Nikashusha sauti. "Mama, nakuheshimu. Chakula chako nimekula chote, hata ini. Lakini ukinizuia leo, utaishi na mtu uliyemzuia." Nikapita ubavuni mwake, kofia masikioni, soksi ndani ya kandambili.

Chumba cha mtihani kilikuwa na feni kubwa. Mtahini alikuwa kijana aliyenyooka kama rula, na pua yake ilishtuka nilipoketi, maana nilinuka ufuta na tangawizi.

"Uko tayari?"

"Bado. Naomba uzime feni. Nimetoka kuzaa."

Akaitazama kofia yangu, akainuka na kuizima. Jasho likamtoka yeye, likanitoka na mimi. Akanipa neno *light*, akataka sentensi. Nikampa moja ya mwanga wa asubuhi. Akanionyesha kwa kalamu niendelee. Nikampa ya kuwasha mshumaa, halafu ya mtoto wangu, ambaye ni mwepesi. Hapo maziwa yakanitoka, nikafunika kifua kwa mikono na kuendelea mpaka nikamaliza.

"Umefaulu," alisema. "Sasa nenda nyumbani, dada."

Mama mkwe alinipokea kwa kunipapasa paji la uso.

"Wamekupulizia feni?"

"Niliamuru izimwe."

"Uliamuru!" Akaivuta kofia yangu ifunike masikio. "Mpaka mwezi uishe hutoki tena."

"Jumatatu kuna darasa, Mama. Nitakwenda."

Akaingia jikoni akibamiza masufuria. Nikampokea mwanangu kutoka mikononi mwa baba yake, aliyekuwa amekojolewa na ameridhika, nikamweleza mtoto sikioni kwamba mama yake amefaulu. Nilisema kwa sauti ya kufika jikoni.