Tarakimu Nne Juu ya Mlango

Saa tatu na nusu asubuhi, Jumanne tarehe 9 Agosti 1955, jiwe la juu ya mlango lilikuwa na tarakimu nne za kuchongwa. Hiram Waithaka, karani wa ramani kutoka Nakuru, alizinakili kutoka kushoto: moja, alama iliyolika ambayo ingeweza kuwa nane au tisa, moja, duara dogo. Hakuamini kwamba mtu yeyote alijenga nyumba ya mawe kando ya ziwa Elmenteita mwaka 1810, kwa hiyo alama iliyolika aliifanya tisa. Akaandika 1910.

Mwaka huo ulitosha kuibomoa nyumba. Agizo la hifadhi mpya lilisema majengo ya kabla ya 1900 yabaki, pamoja na njia za kuyafikia. Mengine yaondolewe na ua wa waya upite hapo hapo. Njia ya nyumba hii ilipita uani na kuishia kwenye chemchemi ya maji moto, ambako watu wa Kariandusi na mashamba ya jirani waliloweka viungo vilivyouma. Ndani aliishi Safiyo binti Dualeh, mjane. Marehemu baba yake, mkuu wa misafara ya biashara, ndiye aliyeijenga.

Karanja, mpigilia vigingi, alikuwa amefika kigingi cha ishirini na mbili, hatua tano kutoka mlangoni, Safiyo alipotoka na kutazama daftari la Hiram.

"Karani, ulisoma shule gani?"

Hiram alisema ni ya misheni.

"Basi walikuficha tano. Hiyo si sifuri. Sifuri yetu ni nukta."

Alimwambia kwamba alama iliyolika ni tatu, na kwamba mwaka wenyewe ni 1315. Karanja aliegemea nyundo yake.

"Mama, miaka mia sita na nyumba haijavuja? Yangu ni ya juzi na ninalala na sufuria kitandani."

Safiyo alimjibu kwamba Waislamu wana hesabu yao ya miaka, na kwamba asiyejua kuezeka asilaumu kalenda.

Hiram hakucheka. Mtu anayetaka kuokoa nyumba yake hawezi kuwa shahidi wake wa pekee. Hata hivyo yeye mwenyewe alikuwa amekisia tarakimu moja, jambo ambalo asingelikubali katika kazi ya mwingine. Aliomba kipande cha mkaa, akabandika karatasi juu ya jiwe na kuisugua. Alama ya pili ilitokea ikiwa na meno juu na mkia mrefu. Haikuwa na kichwa cha tisa.

Kesho yake aliipeleka karatasi kwa Darweshi, mwalimu wa madrasa mjini Nakuru. Hakumwambia imetoka wapi. Alimwomba asome tu.

"Elfu moja mia tatu na kumi na tano," alisema Darweshi. "Ni kaburi la nani?"

Hiram aliuliza kwa nini alidhani ni kaburi. Darweshi alisema makaburi huandikwa hivyo, na huu ndio mwaka aliozaliwa yeye, kwa hiyo angependa kujua mwenzake aliyekwishatangulia. Hiram akaomba kuona cheti chochote chenye mwaka huo kwa hesabu ya Kizungu. Mzee alitoa pasi aliyoendea Hija. Ilisema alizaliwa 1897.

Jioni Hiram alipiga hesabu yake mwenyewe, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi. Ilitoa 1897. Alikata 1910 kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke, akatia sahihi pembeni na kuambatisha karatasi ya mkaa.

Mkuu wake aliuliza nani aliyesoma 1910.

"Ni mimi," alisema Hiram.

Barua ya kibali cha nyumba kubaki ilitoka Jumatatu tarehe 29. Alhamisi tarehe 1 Septemba, Karanja aling'oa kigingi cha ishirini na mbili na kukipigilia nyuma ya nyumba, akaacha pengo la futi kumi na mbili njiani. Saa nne na robo wanawake watatu walipita hapo, mmoja akichechemea, wakielekea maji moto.