Kopo la Mahindi

Bibi alikulia shambani katikati ya kuku, na hata alipohamia mjini hakuona sababu ya kubadili utaratibu. Chakula kikiiva, hakuita mtu kwa jina. Alitikisa kopo lenye punje za mahindi, nao watoto, na baadaye wajukuu, wakatimka mbio kutoka kila pembe. Majirani walicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Sasa ukoo mzima ulijazana sebuleni kwake kumkumbuka, kila mmoja kakunja uso kama aliyelamba ndimu. Kaka mkubwa, hakimu mwenye kitambi na miwani, alihutubia kuhusu "marehemu mama yetu mpendwa" hadi watu wakaanza kusinzia. Dada yake, kitindamimba, alikuwa jikoni akipakua. Akalisogeza lile kopo apate pa kuweka sufuria. Likalia.

Hotuba ilikatika katikati ya neno. Viti vikaanguka. Kitindamimba alipogeuka, mlango ulikuwa umeziba: muuguzi na kiatu kimoja, dereva wa lori, mapacha wanaosoma chuo, na mbele ya wote hakimu, anahema, kampiga mpwa wake kikumbo.

Wakatazamana. Kicheko kikalipuka, miwani ya hakimu ikadondoka.

Kitindamimba naye mbavu hana. Alitaka kuwaambia kopo limelia kwa bahati mbaya tu, lakini kilichomtoka kilikuwa sauti ile ile ya mama yao:

"Mmenawa?"

Hakimu akaficha mikono mgongoni, akageuka, akaongoza foleni kwenda bombani.