Mizigo ya Mzee Ngollo

Jumatatu iliyofuata Pasaka ya mwaka 1937, Veneranda aliingia chumbani kwa baba yake na ufagio mkononi, akakuta mzigo kando ya kitanda. Ulikuwa umeviringishwa kwa kitambaa cha merikani na kukazwa kwa kamba za magome, mafundo matatu, kama walivyofunga wapagazi enzi za misafara. Baba yake, mzee Ngollo, alikuwa amesimama pembeni akikojolea kikapu cha karanga. Alikuwa amesahau njia ya chooni.

Veneranda alimfuta miguu, akambadilisha nguo, akaenda kuzimwaga karanga. Aliporudi aliuinua ule mzigo akajitwika, apate kufagia. Papo hapo akaijua njia ya chooni kama alivyoijua baba yake: hatua kumi na nne, jiwe bovu upande wa kulia, mkono ukutani kwa ajili ya goti. Mzigo haukuwapo tena kichwani. Ilibaki merikani tupu, nyeupe, ambayo aliikunja akaitia sandukuni, maana kitambaa ni kitambaa.

Kabla ya reli kufika Tabora, mzee Ngollo alipeleka pembe za ndovu Bagamoyo mara tisa kwa miguu. Sasa alikuwa anatua. Kila asubuhi alitua mzigo mmoja, na wiki za baridi alitua miwili. Mtaa mzima wa Cheyo, hapo Tabora, ulijua na hakuna aliyeona ajabu. Mtu aliyebeba sana ana mengi ya kutua. Lililowasumbua watu ni kwamba mizigo ilianza kuziba mlango wa jikoni.

Veneranda alijitwika mitatu: wa choo, wa kufunga viatu na wa majina ya wajukuu. Wa nne ulimteleza, kichwa kilikuwa kimejaa. Aliupeleka dukani kwa Mansukh ukapimwe, na mizani ikasema frasila mbili kasoro ratili tatu. Mansukh alisifu kamba. Alisema mama yake mzazi, huko Kachi, Bara Hindi, naye alipata maradhi hayo, ila yeye alikuwa akiacha masufuria ya shaba.

Alikuwa mjane, Veneranda. Miaka mitatu iliyopita aliacha shamba lake Urambo akaja kumtazama baba, kwa sababu kaka yake Bernardo, mtoto wa kwanza, alikuwa karani wa stesheni Kaliua na kazi haimruhusu. Mkono mmoja haulei mwana, wanasema. Kuhusu mkono mmoja kumlea mzee hawakusema kitu, labda walikuwa na haraka.

Alimwendea mzee Mabruki, jirani yao, aliyetembea na baba yake safari sita kati ya zile tisa.

"Shikamoo, baba Mabruki."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo wa mgonjwa hugawanywa. Hiyo ndiyo sheria ya msafara. Ita watu wachukue."

"Na mgonjwa mwenyewe?"

Mabruki alikohoa kidogo. "Mgonjwa anaachiwa kibuyu cha maji," akasema.

Watu waliitwa, wakaja. Lo, watu wana mbio kwenye kitu kizuri! Mzigo wa bahari ulichukuliwa siku ya kwanza na fundi cherehani ambaye hajafika hata Dodoma, na kuanzia siku hiyo akawa anawasimulia wateja kuhusu maji yasiyo na ng'ambo. Mzigo wa mizinga ya asali ulichukuliwa na watu wawili wakigombana. Mama mmoja, Apolinaria, alichukua nyimbo za njiani, akawa anaziimba kisimani kwa sauti ya kiume. Wote walimshukuru mzee kwa heshima, wakamwambia Mungu amponye, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza nani anamwogesha. Hakuna aliyesema, dada, lala leo, mimi nitakaa naye.

Mmoja tu ulibaki. Ulikuwa mweusi chini, kama uliokaa kwenye moto. Mabruki aliugusa kwa kidole akaurudisha mkono. Alisema huo ni wa nyika ya Mgunda Mkali, wa mwenzao mmoja mwenye homa waliyemwacha huko na kibuyu chake, na kwamba yeye anao wake wa namna hiyo nyumbani. Veneranda aliusukuma nyuma ya ghala. Kuku wakawa wanataga juu yake.

Jambo aliloliogopa Veneranda lilikuwa moja, naye hakulificha. Kila alfajiri kabla ya kuingia chumbani alisimama mlangoni akasikiliza. Akisikia, "Vene, kumekucha?" moyo ulitulia na siku ikabebeka: mkojo, mashuka, mzee kutoroka kuelekea pwani, kumrudisha kutoka njia ya reli naye mzee akimtukana kwa Kinyamwezi. Yote aliyaweza, mradi anamjua. Alimwambia Mabruki hivyo hivyo, kwamba siku baba akiutua mzigo wa kumjua yeye, hajui ataamkia nini.

Uliteremka mwezi wa nane, Jumapili. Mzee alimwamkia kwa adabu sana. "Karibu, mama. Wewe ni wa kwa nani?"

Mzigo ulikuwa mdogo, kama ratili kumi na nne, ukinukia mafuta ya nyonyo. Veneranda aliketi sakafuni akaushika kwa mikono miwili, akalia. Kujitwika hakuweza, kichwa kilikuwa kimejaa choo na viatu. Lakini Mabruki aliwahi kumwambia kwamba mpagazi akipumzika vizuri huweza kuuinua tena mzigo wake mwenyewe. Alishaona mara mbili. Basi Veneranda akausogeza karibu na mkono wa baba yake, akampikia kuku, akamwacha apumzike.

Siku hiyo hiyo Bernardo akashuka kwenye gari moshi la asubuhi. Alivaa kaptula ya kaki na soksi ndefu, na alikuwa na muda wa saa nne tu mpaka gari la kurudi. Alisema amesikia urithi wa baba unagawanywa kwa watu baki. Veneranda alichukua ndoo akaenda kisimani, kwa sababu mgeni hupewa maji ya kuoga hata akiwa ndugu.

Aliporudi alikuta merikani tupu sakafuni. Bernardo alikuwa ameketi kitandani, anafuta macho kwa leso.

"Kaka, ule ulikuwa wangu."

"Wako vipi? Ni wa baba, na mimi ndiye mkubwa. Nilichukua mwepesi, maana nina kofia kichwani."

"Utue."

Alijaribu, kusema kweli. Aliinama, akatikisa kichwa, Mabruki akaitwa akamgonga kisogoni mara tatu. Mzigo uliokwisha kubebwa hautuliwi mpaka aliyeubeba naye augue. Saa tisa Bernardo alimbusu baba yake kwenye paji la uso, akamtazama dada yake kwa upendo mkubwa ambao hakuwahi kuwa nao, akawahi gari.

Barua yake ilikuja baada ya wiki mbili, kurasa tatu, mwandiko wa ofisini. Aliandika kwamba anakumbuka sasa. Veneranda alikuwa na miaka minne, anaungua kwa homa, na baba alimbeba mabegani kutoka Urambo mpaka Tabora, siku mbili na usiku mmoja, bila kumweka chini, kwa sababu aliapa kwamba huyu hataachwa njiani. Alimtania njia nzima asilale. Alimwita bosi wa msafara, akimwomba ruhusa ya kupiga kambi, na mtoto akikataa kila mara. Sikujua kama baba alikupenda namna hii, Bernardo aliandika. Nimelia mbele ya makarani. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, mdogo wangu. Likizo sina mpaka Desemba, na Desemba nimeahidi ukweni.

Veneranda aliisoma peke yake kwanza. Safari hiyo hakuwa akiijua. Alikuwa mtoto, tena mgonjwa. Alifurahi, akaumia, akashindwa kuvitenganisha. Halafu akachukua bakuli la uji, akaketi kando ya mzee Ngollo, akamsomea yote huku akimlisha. Mzee alisikiliza kwa makini. Kwenye habari za bosi wa msafara alicheka mpaka uji ukamtoka.

"Mtoto huyo alipendwa," akasema.

"Alipendwa, baba."

"Siku hizi yuko wapi?"

"Yuko kwa baba yake. Anamuuguza."

"Ana mwenzake wa kumpokea?"

"Hana."

Mzee alifikiri juu ya hilo. "Basi mwambie asichoke, mama," akasema, akafungua kinywa.

Veneranda alisema atamwambia, akapuliza kijiko.