Bonde Hatuwaachii

Damiano, mtendaji wa kijiji, alifika Bondeni saa nne asubuhi, pikipiki yake imejaa vumbi na karatasi moja mfukoni, zikiwa zimebaki siku kumi na tisa nchi imchague rais. Watu aliwakuta mtoni, kwenye vitalu. Oktoba ya Katumba ndivyo ilivyo: miche ya tumbaku bado michanga, inanyweshwa asubuhi na jioni kwa makopo, na mwenye kitalu halali mbali nacho. Kaya zaidi ya themanini zilikuwa zimejisogeza kando ya maji, wengine kwenye vibanda vya nyasi, wengine kwenye nyumba za matofali mabichi.

"Wataalamu wa hali ya hewa wanasema mvua kubwa inakuja kabla ya wakati wake," Damiano alisoma. "Kufikia Jumatano bonde liwe tupu. Hameni, nendeni shule ya msingi kule juu."

Amri ya kuhama, kwa watu wa Katumba, haijawahi kuwa amri ndogo. Wazee waliokuwepo walihama Burundi mwaka sabini na mbili wakikimbia kufa. Miaka mingi baadaye walipoambiwa kwamba watapewa uraia, waliambiwa pia kwamba wataondoka Katumba watawanywe mikoani. Walikaa miaka wakiogopa hata kupaka nyumba rangi, mpaka lile jambo likafifia. Sasa karatasi nyingine, na uchaguzi uko mlangoni.

Fabrice akasimama. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mpiga debe wa mgombea urais wa upinzani, na mdomo wake ulijulikana kuanzia Katumba hadi stendi ya Mpanda.

"Mtendaji, shikamoo."

"Marahaba. Najua hiyo shikamoo yako ina mkia."

Watu wakacheka. Fabrice hakucheka. "Kwa nini mvua hii imejua tarehe ya uchaguzi? Tuhame leo, kesho waseme hatukai hapa, keshokutwa majina yetu hayaonekani. Nyie wazee, si mmeshawahi kuuona mchezo huu?"

"Fabrice, mimi nasema maji, wewe unasema kura."

"Wewe Mpimbwe, mwenyeji wa Kasansa, kwenu nani alishawahi kukuambia uhame?"

Damiano akaitazama karatasi yake tena, maana ni kweli hakuna aliyewahi kumwambia. Fabrice akaona nafasi. Alipanda juu ya ndoo iliyofunikwa na kutoa mistari aliyoipanga kichwani palepale, mizani kwa mizani, kama mtu anayepanga matofali:

Wasemao tuhameni, kura hawatutakii,
Kitovu ki udongoni, bonde hatuwaachii.

Mara ya tatu wanawake walikuwa wameshaipokea, wanamwagilia miche kwa mdundo wake. Mzee Yohani, jirani yake, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alimshika bega. "Mwana wanje, mwanangu," alimwambia kwa Kirundi chake, "hiyo umeitoa tumboni mwangu." Fabrice akajiona mrefu kuliko miti ya miombo.

Damiano aliikunja karatasi, akawasha pikipiki. Kabla ya kuondoka alisema taratibu, kwa Fabrice peke yake, "Kaangalie rangi ya mto."

Fabrice alikwenda kuangalia jioni, baada ya wote kutawanyika. Hapo kwao halikuwa limedondoka hata tone, lakini maji yaliyokuwa yakipita yalikuwa mekundu, yamebeba majani mabichi. Huko juu kulikuwa kunanyesha, na hakukuwa kunanyesha kidogo.

Kisha akampigia simu kijana wa bodaboda.

Mama yake, Josephina, alikuwa na miguu inayovimba. Fabrice alimfunga khanga mabegani, akampandisha nyuma ya pikipiki aende Misunkumilo, mbali na mto, kwa dada wa mama huyo, Scola.

"Si umesema tusihame?" mama aliuliza.

"Wewe huhami, mama. Unakwenda kupima miguu."

Josephina alimtazama mwanawe kwa yale macho ambayo mzazi huyatoa mara moja moja, kisha akaangalia mbele. Pikipiki ilipopita kwa Mzee Yohani, mkewe Thacienne alipunga mkono na kuuliza Josephina anakwenda wapi. "Kliniki!" Fabrice akajibu kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Mvua ilianza Jumanne. Alhamisi alfajiri mto ulipanda bondeni wote kwa pamoja. Vitalu vilikwenda kwanza, kisha vibanda, kisha zile nyumba za matofali mabichi zikaanza kukaa chini moja moja kama watu waliochoka. Fabrice alifanya kazi kama nyati. Alibeba watoto wa watu, alivuta mbuzi, alimburuta Thacienne kwa mkono hadi mlimani huku mama huyo akipiga kelele kwamba mumewe amerudi ndani.

Mzee Yohani alikuwa amerudi kuchukua kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na cheti chake cha uraia na kadi ya mpiga kura. Walimkuta Ijumaa, amenaswa kwenye nguzo za bani la kukaushia tumbaku, kopo limo ndani ya koti, kifuniko kimekaza. Makaratasi yalikuwa makavu kabisa.

Waliokufa walikuwa wanne.

Siku zilizofuata shule ya msingi ilijaa, na kampeni ikahamia shuleni. Upande wa serikali ulileta unga na maharage, na kila gunia lilishuka na hotuba yake. Watu walikula. Nao upinzani haukulala. Maximilian, mratibu wao kutoka Mpanda mjini, alikuja na gari lenye spika mbili, akamvuta Fabrice nyuma ya vyoo vya shule.

"Kesho tunafanya mkutano hapa hapa. Redio zitakuwepo. Utasimama useme serikali haikuwaambia chochote."

"Walituambia."

"Nani aliwaambia? Kuna mtu aliyerekodi?" Maximilian alipangusa jasho. "Sikiliza, kaka. Mkoa huu tulikuwa tunaupoteza. Sasa nchi nzima inaangalia Katumba. Mungu anisamehe, lakini mafuriko haya ni kura. Watu wanakuamini wewe kuliko mimi. Na ule wimbo wako, ubadilishe kidogo, uwe wa msiba."

Fabrice alikwenda kukaa kwenye ngazi za darasa la nne. Alitaka mgombea wake ashinde. Alilitaka jambo hilo tangu akiwa shule, alishaligombania na kupigwa kwa ajili yake. Na alijua akisema kweli, hakuna kura ya Bondeni itakayobaki upande wao. Akinyamaza, ushindi unaweza kuja, na utapita juu ya koti la Mzee Yohani. Alijaribu kuubadilisha ule wimbo. Vina vilimjia vyenyewe, vizuri, vya machozi. Akavichukia jinsi vilivyokuwa tayari.

Thacienne alipita na ndoo. Alisimama.

"Josephina hajambo? Miguu ilipimwa?"

"Ilipimwa, mama."

"Mungu alimpenda. Kumpeleka kliniki siku chache tu kabla ya maji." Hakukuwa na kijembe katika sauti yake. Laiti kingekuwepo.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Maximilian alimkaribisha Fabrice kwa maneno matamu, akampa kipaza sauti. Thacienne alikuwa mstari wa mbele, kopo la maziwa mapajani. Damiano alisimama mbali, kando ya pikipiki yake, ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja kupigwa.

"Ndugu zangu," Fabrice alianza. "Tuliambiwa. Mtendaji alikuja, akasoma, nikamzomea. Mimi ndiye niliyewaambia msihame."

Maximilian alikohoa. "Anamaanisha kwamba..."

"Subiri! Jioni ile nilikwenda mtoni nikaona maji mekundu. Nikamtorosha mama yangu. Haikuwa kliniki. Nilimtoa wangu, nikawaachia nyie wimbo."

Spika zikazimwa. Hakuna aliyezihitaji tena. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mbwa wewe!" Mwingine akarusha gunzi la muhindi likampiga shingoni. Thacienne hakunyanyuka.

"Uimbe," alisema.

"Mama..."

"Si wimbo wako? Yohani aliuimba mpaka usiku ule wa mwisho. Uimbe, nisikie unavyoimbwa na mwenyewe."

Fabrice akakiweka kipaza sauti chini. Alishuka, akapita katikati ya watu wake waliompisha njia pana kuliko ya maiti.

Gari la Maximilian liliondoka bila kuaga. Damiano alibaki palepale, na Fabrice alipompita, Damiano akamwambia neno moja tu, "Ungesema kule mtoni." Ilikuwa kweli, na kweli hiyo haikuacha pa kujificha.

Siku ya kura Fabrice alifika kituoni, hapo hapo shuleni, akapanga mstari. Aliyekuwa mbele yake akasogea, aliyekuwa nyuma akabaki nyuma, akawa peke yake katikati ya mstari kama jino. Ukutani kulibandikwa orodha ya wapiga kura. Jina la Mzee Yohani lilikuwemo bado. Thacienne aliliwekea kidole, akakishikilia hapo kwa muda, kisha akageuka.

"Nilikuwa nimpigie yule wako," alimwambia. "Yohani alitaka hivyo. Leo sijui nimpigie nani, umeniharibia hata hilo."

"Nisamehe, mama."

"Hapana." Hakusita. "Kitalu chetu cha juu, kile cha kwenye kichuguu, maji hayakukifikia. Kina siku mbili hakijanyweshwa na mgongo wangu umekataa. Kopo liko chini ya kichanja."

Akaingia kupiga kura.

Fabrice naye aliingia. Alitia alama yake palepale alipokuwa ameapa kuitia, na mkono haukuwa na furaha. Wakampaka wino kidoleni. Akatoka, akashuka bondeni peke yake, miguu ikizama kwenye tope lililokuwa likianza kukauka juu.

Kopo alilikuta. Mto ulikuwa umerudi kitandani mwake, mwembamba, mpole. Akainama kuchota, na kidole chenye wino kikaingia majini pamoja na kopo. Alipanda kichuguu, akanywesha, akashuka, akachota tena. Safari ya sita alisikia sauti kutoka mlimani, kelele za watu, hakujua ni za ugomvi au za matokeo ya mahali fulani. Hakuinua kichwa. Mstari wa mwisho wa miche ulikuwa bado mkavu.